Chifu Aliyegeuka Mwenyekiti: Jinsi Uzushi Unavyoumbika Mtandaoni

Sauti iliingia kwenye grupu la wazazi wa darasa la nne saa kumi na dakika kumi jioni, watoto ndiyo kwanza wanatoka shule. Mama mmoja anahema, anaongea haraka haraka: "Jamani wazazi wenzangu, chungeni watoto. Kuna gari jeupe linazunguka, lina wanaume wawili na mwanamke mmoja, wanawaita watoto kwa pipi. Jana wamechukua wawili. Tumeshapeleka ripoti kwa chifu, lakini jamani, kila mtu amchunge wake." Sekunde 43, basi. Hakutaja jina lake, wala shule, wala mtaa.

Wa kwanza kujibu aliandika "Mungu wangu." Wa pili akauliza, "Ni wapi hapo?" Swali lake halikujibiwa, likafunikwa na vikatuni vya mikono ya dua. Kisha mama mmoja, yule ambaye kila muhula ndiye anayetukumbusha ada na sare, akafanya jambo la huruma. Akaandika muhtasari: "Kwa wasio na bando la kusikiliza: watoto wawili wametekwa jana na Noah nyeupe, wazazi wameripoti kwa mwenyekiti wa mtaa. Inasemekana ni huku kwetu Kimara." Dakika ishirini baadaye muhtasari huo ulikuwa umefika kwenye grupu la jumuiya ya kanisa, la kikoba na la wakazi wa mtaa wetu. Ile "inasemekana" ilikuwa imeshadondoka njiani.

Mimi niliisikiliza mara ya pili, tena si kwa ujanja. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye daladala, konda anapiga kelele za kituo, sikusikia vizuri. Safari hii neno moja likanikwama: chifu. Dar es Salaam hatuna chifu wa kupelekewa ripoti ya mtoto aliyepotea. Tuna mjumbe, tuna mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tuna mtendaji wa kata. Chifu wa kuripotiwa mambo kama hayo yuko Kenya, ni mtumishi wa serikali, ana ofisi. Usiku nikamtumia binamu yangu wa Mombasa ile sauti. Akajibu akicheka: "Hiyo tuliipata mwaka jana. Huku watu walisema ni Probox."

Ukitafuta mwongo hapo, humpati. Mama wa kwenye sauti huenda aliona jambo kweli, mahali fulani, siku fulani. Mama wa ada alitaka kuwasaidia wasio na bando. Waliosambaza walikuwa wanawaza watoto wao. Na bado, kufikia saa mbili usiku, Kimara yetu ilikuwa na Noah nyeupe ambayo hakuna aliyeiona, watoto wawili ambao hakuna aliyewajua, na ripoti iliyopelekwa kwa mwenyekiti ambaye, nilipompigia, alikuwa anaisikia kutoka kwangu.

Tukizungumzia habari za uongo huwa tunamtafuta mpishi. Kiswahili cha mjini kimetupa maneno matamu kwa kazi hiyo: kuna anayeuza chai, kuna anayetafuta kiki, kuna anayemwaga ubuyu. Wote hao wapo, na baadhi yao nitawafikia. Lakini uzushi unaotuingia zaidi, ule unaofika mpaka kwenye simu ya mama mkwe, mara nyingi hauna mpishi. Huumbwa na kundi zima, na huumbwa hasa kwa kupunguza. Kila anayeupitisha anakata kitu kidogo: tarehe, mahali, jina la msemaji, chembe ya shaka. Ukishakuwa mwepesi vya kutosha, kila mtaa unauvalisha nguo zake.

Wembe uliohama mkono

Hili lilijulikana miongo mingi kabla ya simu za mkononi. Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1932, aliwapa Waingereza wasome ngano ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, kisha akawataka waisimulie upya mara kadhaa, wengine baada ya siku, wengine baada ya miezi. Mitumbwi ikageuka mashua. Kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Mambo ya mizimu ambayo Mwingereza hakuyaelewa yakafifia au yakatoweka kabisa. Hakuna aliyekusudia kupotosha. Kila mmoja alikuwa anainyoosha hadithi ikae sawa na dunia anayoijua. Chifu wetu alipatwa na hayo hayo.

Mwaka 1947 Wamarekani wawili, Gordon Allport na Leo Postman, wakatoa matokeo ya majaribio yao ya uvumi. Mtu mmoja anatazama picha na kuieleza, wa pili anamsimulia wa tatu, wa tatu anamsimulia wa nne, hivyo hivyo. Baada ya midomo mitano au sita, karibu asilimia 70 ya mambo madogo madogo yalikuwa yameanguka, na yaliyosalia yalikuwa makali kuliko mwanzo. Moja ya picha ilionyesha abiria ndani ya treni, kati yao Mzungu aliyeshika wembe akizungumza na mtu mweusi. Katika zaidi ya nusu ya majaribio yaliyotumia picha hiyo, kuna mahali njiani wembe ulihamia mkononi mwa yule mweusi. Msimuliaji alipopungukiwa na picha, alichota kwenye dhana alizokuwa nazo tayari kuhusu nani huwa anashika wembe. Kwenye toleo la tatu la Noah yetu, nililolipata kutoka grupu la kanisa, ndani ya gari kulikuwa na "watu wenye lafudhi ya kigeni." Mama wa kwenye sauti hakusema lolote la lafudhi.

Mfano mzito zaidi wa kukata ninaoujua unaanzia Karachi, Pakistan. Shirika moja la huko linalosaidia kutafuta watoto waliopotea lilitengeneza filamu fupi ya kuelimisha umma. Watoto wanacheza kriketi mtaani. Pikipiki yenye watu wawili inapita, inageuza, mmoja anamzoa mtoto, wanaondoka naye. Sekunde chache baadaye pikipiki inarudi, mtoto anashushwa salama, na wale wanaume wanainua bango la kuwaonya wazazi kwamba kumteka mtoto katika mitaa ya Karachi kunachukua muda mfupi tu.

Mtu akakata mwisho. Kurudi kwa pikipiki kukaondoka, bango likaondoka, na kilichobaki kikavuka mpaka kuingia India kwa njia ya WhatsApp, kikiwa na maelezo kwamba wezi wa watoto wameshaingia mjini. Kila jimbo likapata toleo lake kwa lugha yake. Mwaka 2018 watu zaidi ya 20 waliuawa na umati sehemu mbalimbali za India kwa kudhaniwa kuwa wezi wa watoto. Tarehe 1 Julai pekee, katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra, waliuawa watano. Walikuwa watu wa jamii ya wahamaji waliokuwa wakipita vijijini kuomba sadaka, yaani wageni kabisa, na mgeni ndiye ambaye uvumi wa aina hiyo humtafuta.

Kwenye ile video hakuna kilichoongezwa. Ungempelekea fundi wa kugundua picha za kughushi, angekuambia kila kitu ni halisi, na angekuwa amesema kweli. Siku hizi tunaogopa sana akili bandia na sura zinazotengenezwa na kompyuta, na tuna haki ya kuogopa, ila silaha ya bei rahisi kuliko zote bado ni picha halisi ya jambo jingine. Kila masika ninaletewa picha za maji yamejaa bonde la Jangwani hapa Dar, na kila mwaka kuna moja au mbili ambazo nilishaziona masika yaliyopita.

Katika vyote vinavyokatwa, kinachoniuma zaidi ni shaka, kwa sababu Kiswahili kina vifaa vizuri sana vya kuibeba. Tuna inasemekana, tuna nasikia, wanadai, kuna fununu. Tuna eti, neno la herufi tatu linalosema mambo matatu kwa mpigo: nimeambiwa, sikuona, wala siamini sana. Msikilize bibi akisimulia barazani. Maneno hayo yanamtoka kila baada ya sentensi mbili, na sauti yake inashuka akifika kwenye asichokuwa na hakika nacho. Simu haina mahali pa kuiweka sauti ile inayoshuka. Na anayefupisha ujumbe utoshe kwenye status ataanza kupunguza hapo hapo, maana "inasemekana" ni neno refu na kwa macho yake halina habari ndani. Halafu lugha hiyo hiyo inampa kisingizio akibanwa: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Kupandishwa cheo

Msemaji akishakatwa, nafasi yake haikai wazi muda mrefu. Mapema mwaka 2020 ulienea duniani ujumbe mrefu wa ushauri kuhusu korona: unywe maji kila dakika 15 ili virusi vishuke tumboni, virusi vinakufa kwenye joto la nyuzi 26 au 27, ujipime mwenyewe kwa kushika pumzi sekunde 10, usipokohoa uko salama. Katika moja ya matoleo ya mwanzo mwenye ushauri alikuwa mjomba wa rafiki, mtu mwenye shahada ya uzamili aliyefanya kazi hospitali ya Shenzhen. Ujumbe ulipozidi kutembea, mjomba akapandishwa cheo. Akawa wataalamu wa Taiwan. Akawa madaktari wa Japani. Akawa mjumbe wa bodi ya hospitali ya Chuo Kikuu cha Stanford, mpaka Stanford wenyewe wakalazimika kutangaza kwamba ushauri ule haukutoka kwao. Uliponifikia mimi kwa Kiswahili, ulikuwa umetoka kwa "daktari bingwa wa hospitali yetu kubwa ya taifa," bila jina.

Kipimo cha pumzi kilikuwa bure. Vijana wengi wenye virusi waliweza kushika pumzi sekunde 10 bila taabu, na wazee wengi wasio navyo hawakuweza. Lakini ujumbe ule ule ulisema pia nawa mikono, jambo ambalo ni kweli na ambalo wizara za afya zilikuwa zinalisema kila siku. Ukikaa kama chuya kwenye mchele, uzushi unasafiri vizuri, kwa kuwa mnunuzi anaona mchele.

Na unasafiri vizuri zaidi ukirudiwa. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Hasher, Goldstein na Toppino, walionyesha kwamba sentensi uliyoisikia zaidi ya mara moja huonekana ya kweli zaidi kuliko mpya, hata kama kurudiwa kwake hakukuongeza ushahidi wowote. Jioni ile ya Noah, jirani yangu mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa: "Nimeipata kwenye grupu tatu tofauti." Kwake hao walikuwa mashahidi watatu. Kumbe alikuwa shahidi mmoja aliyepita milango mitatu, na hata huyo mmoja alikuwa nchi nyingine.

Mumiani walikuja kabla ya bando

Kwa nini kundi la watu wenye akili zao likubali kushona nguo ya namna hii? Jibu ninaloliamini kuliko mengine lilitoka kambini. Tamotsu Shibutani, Mmarekani mwenye asili ya Japani, alifungiwa na serikali yake pamoja na maelfu ya wenzake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kambini hakuna aliyejua watapelekwa wapi wala watakaa mpaka lini, na uvumi ulikuwa mwingi. Akaukusanya. Baadaye, mwaka 1966, akaeleza kwamba uvumi ni habari ambazo watu wanajiundia wenyewe pale haja ya kujua inapozidi kile kinachotolewa na vyombo wanavyoviamini. Yaani watu wanafikiri pamoja, kwa vipande walivyo navyo.

Tanzania tulipata somo hilo mwaka 2020. Takwimu za taifa za korona zilisimama zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Mwanzoni mwa Mei, Rais John Magufuli akaeleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa siri zimeonekana zina virusi, akatilia shaka vipimo vyenyewe. Baada ya hapo, aliyetaka kujua hali ikoje alitegemea sauti za WhatsApp: za mazishi ya usiku, za wodi zilizojaa, za korona imekwisha kabisa watu tuendelee na kazi. Nyingine zilikuwa kweli, nyingine hapana, na mwananchi hakuwa na mizani ya kuzipimia kwa sababu mizani ilikuwa imefungiwa kabatini. Huwezi kuliacha pengo wazi kisha ukalilaumu kundi kwa kulijaza, hasa kama pengo umelichimba wewe.

Pengo la zamani zaidi lilijazwa na mumiani. Neno lenyewe lilikuwa jina la dawa, kitu cheusi kama gundi kilichouzwa pwani kwa ajili ya mifupa iliyovunjika na maumivu, na watu wakaamini kimetengenezwa kwa damu ya binadamu. Jina likahama kutoka kwenye dawa kwenda kwa mtu anayeitafuta hiyo damu. Enzi za ukoloni, huku kwetu, Kenya na Uganda, watu wengi waliamini kwamba wazimamoto wanakamata watu usiku na kuwanyonya. Ukifikiria vipande walivyokuwa navyo mkononi, hadithi inashonwa yenyewe: gari jekundu ambalo hujawahi kuliona likizima moto nyumbani kwako, wanaume wenye sare wanaolala kazini, hospitali inayokutoa damu bila kukueleza inakwenda wapi. Mwaka 1959 uvumi wa mumiani ulizua ghasia kati ya wakazi na polisi pale Buguruni, Dar es Salaam. Mwanahistoria Luise White, aliyekusanya masimulizi ya aina hii Afrika Mashariki na Kati, hakuyachukulia kama ujinga. Aliyasoma kama namna watu walivyouzungumzia utawala uliowamiliki. Nasi wenyewe, miaka michache baadaye, tuliwaita wenye kula jasho la wengine wanyonyaji na kupe, wala hakuna aliyetuambia tunazua.

Hadithi hiyo haijafa. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu ulisababisha watu kuuawa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa kwa muda wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe.

Noah yetu nayo haikutoka hewani. Mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa kweli mkoani Njombe, nchi nzima ikasikia. Mzazi anayesikia "wamechukua wawili" hasikilizi sekunde 43 tu. Anasikiliza na Njombe humo humo. Ndiyo maana sipendi kabisa kampeni za kuwaambia watu "acheni ujinga, msisambaze." Anayesambaza anajibu kitu kilichowahi kutokea.

Shikamoo mjomba, hiyo si kweli

Kuhusu kasi, utafiti unaotajwa zaidi ni wa Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, uliochapishwa mwaka 2018. Walichambua habari takriban 126,000 zilizosambazwa Twitter (siku hizi unaitwa X) na watu wapatao milioni 3 kati ya 2006 na 2017. Za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa upya, na za kweli zilichukua kama mara sita ya muda kuwafikia watu 1,500. Walipoziondoa akaunti za roboti, tofauti ilibaki. Waliosambaza uongo kwa kasi ni watu, na majibu yao yalijaa mshangao na karaha.

Lakini Twitter ni uwanja wa mpira, WhatsApp ni sebuleni. Hapa habari inakuja imebebwa na mtu unayemjua, aliyekuchangia kwenye harusi na kukesha nawe msibani. Ukiikataa habari, mbebaji anahisi umemkataa yeye.

Baada ya mauaji ya India, WhatsApp waliweka kikomo huko mwaka 2018 cha kutuma ujumbe uliosambazwa kwa mazungumzo 5 tu kwa mara moja, na Januari 2019 kikawa cha dunia nzima. Kabla yake ilikuwa 20. Aprili 2020 wakabana zaidi: ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, ule wenye alama ya mishale miwili, ukaruhusiwa kwenda kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Kampuni ilisema usambazaji wa jumbe za aina hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Hatua nzuri, naikubali. Ila ina tundu ambalo mtu mwenye huruma hupita bila kujua: anayenakili maneno na kuyabandika upya, au kuyaandika kwa mkono wake, anaanza hesabu sifuri. Sauti ya mama wa Kenya ilikuja na mishale yake miwili. Muhtasari wa mama wa ada haukuwa na mshale hata mmoja. Ulionekana kama jambo alilolijua yeye.

Ninaye mjomba, mwalimu mstaafu, mtu aliyenifundisha kusoma. Kwenye grupu la ukoo yeye ndiye wa kwanza asubuhi: salamu, mstari wa Biblia, kisha kitu alichokipokea. Siku moja ilikuwa dawa ya kisukari, majani ya mti fulani, na maneno "daktari wako hatakuambia hili." Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena: "Shikamoo mjomba. Naomba kuuliza, hii imetoka wapi?" Akajibu: "Marahaba mjomba. Nimeileta kama nilivyoipokea. Tahadhari kabla ya hatari." Shangazi akaweka kidole gumba juu. Mazungumzo yakaishia hapo, kwa kuwa kuendelea kungekuwa kumvunjia mzee heshima mbele ya wajukuu.

Nilimfuata faragha baadaye, nikamweleza polepole, akanielewa. Dawa ile hakuitaja tena. Lakini angalia kilichotokea: uzushi ulitangazwa mbele ya watu 40, masahihisho yakasemwa kwa mtu mmoja. Heshima, ambayo ni nzuri na sitaki iondoke, imetupa utaratibu ambamo kosa ni la hadhara na usahihi ni wa siri. Sijawahi kuona kampuni ya teknolojia ikilitengenezea hilo kitufe.

Hata ile "tahadhari kabla ya hatari" ina hesabu yake. Inasema: kama ni kweli nimeokoa mtu, kama si kweli hakuna hasara. Nusu ya kwanza naielewa. Nusu ya pili waulizeni watu wa Rainpada.

Wanaolipwa

Nimesema wapishi wapo, kwa hiyo niwataje. Mwaka 2016, wakati wa uchaguzi wa Marekani, vijana wa mji mdogo wa Veles, Makedonia, walikuwa wameanzisha tovuti zaidi ya 100 za habari za kumpendelea Donald Trump. Wengi hawakujali nani atashinda. Walifuata pesa za matangazo, na wasomaji wa Trump ndio waliobofya zaidi. Kenya, uchunguzi wa Mozilla Foundation uliotolewa mwaka 2021 ulieleza jinsi vijana wenye wafuasi wengi Twitter walivyolipwa dola 10 hadi 15 kusukuma heshitegi za kisiasa, wakipewa maelekezo kwenye grupu za WhatsApp: saa ya kuanza na maneno ya kuandika. Lengo lilikuwa jambo lipande kwenye orodha ya yanayovuma, lionekane kama wananchi wenyewe wameamka nalo.

Hawa ni hatari, na wanastahili kuandikwa makala yao. Hapa natosheka na jambo moja: mpishi wa kulipwa hahitaji kukushawishi. Anahitaji kukipenyeza kitu kwenye grupu la kwanza tu. Kuondoa tarehe, kuondoa jina lake, kubadilisha gari liwe la kwetu, kazi hiyo tutamfanyia wenyewe bila malipo.

Mama wa ada

Wiki mbili baada ya ile jioni nilikutana na mama wa ada kwenye kikao cha wazazi. Nikamuuliza, kwa utani kidogo ili nisimuudhi, kama alisikia neno chifu kwenye ile sauti.

"Nilisikia," akasema. "Nikajua amekosea, maana hatuna chifu hapa. Nikamrekebishia."

"Na Noah?"

"Si alisema gari jeupe? Gari jeupe la kubebea watoto huku kwetu ni gani?"

Alikuwa sahihi. Gari jeupe la kubebea watoto huku kwetu ni Noah, na moja inaendeshwa na baba mmoja wa mtaa wa pili ambaye miaka yote huwapeleka wanafunzi shule na kuwarudisha, kwa malipo ya mwezi. Siku ya pili ya ule ujumbe vijana wa kijiwe cha bodaboda walimsimamisha, watoto sita wakiwa ndani. Bahati yake mama muuza vitumbua anamfahamu, akapiga kelele kwamba huyo ni wa hapa hapa. Wakamwachia. Mwezi ule wazazi watatu walimwambia kwamba watoto wao sasa watakwenda kwa miguu.

Noah yake bado ni nyeupe. Ubavuni amebandika stika kubwa ya bluu yenye maneno USAFIRI WA WANAFUNZI, na chini yake jina lake kamili na namba ya simu, kwa pesa yake mwenyewe.